MGENI ANAYETWAA SHAMBA



Mwenzetu mmoja aliyehamia Mlowo, Mkoa wa Songwe, kwa biashara, ametuandikia kuuliza jambo ambalo twaona lafaa lijibiwe mbele ya wote. Huko Mlowo, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, anakaa na wakulima wa kahawa wa Mbozi, na mmoja wao amemsifia mti wa kivuli wa Uganda uitwao musizi. Mti huu hukua upesi, hunyooka, hutoa mbao na kuni, na kahawa hustawi chini yake. Basi auliza: je, alete miche yake aipande katika shamba lake la Konde, mahali ilipokufa mikarafuu?

Jibu letu ni kwamba asilete.

Sifa alizozisikia ni za kweli, wala hatuzikanushi. Musizi, ambao wataalamu wa mimea huuita Maesopsis eminii, kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, mpaka Uganda na pande za Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, na kwa miaka mingi ulikaa kwa adabu. Kisha, tangu miaka ya 1960, magogo mengi yalikatwa katika misitu ile, jua likaingia hadi chini, na musizi ukapata nafasi yake. Hondohondo hula matunda yake na kwenda kuziangusha mbegu mbali. Penye uwazi mche huota, ukawapita wenyeji wote kwa mbio. Ukataji ulikomeshwa, na mwaka 1997 Amani ikafanywa hifadhi, walakini musizi haukurudi kwao. Umo mpaka leo, katika msitu wenye mimea isiyopatikana pengine popote duniani.

Atakayesema kwamba Usambara ni mbali, na atazame karibu. Mti huu umo tayari katika Msitu wa Ngezi, hapa hapa Pemba, msitu wa mpapindi na wa popo wetu. Na Konde ni jirani wa Ngezi. Ndege hajui mpaka wa shamba la mtu, wala haulizi hati.

Wako watakaosema: hata mkarafuu ni mgeni. Kweli, uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini mbegu ya mkarafuu haikai, na mche wake wataka kivuli, maji na mkono wa mtu. Tukiuacha, hufa. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkarafuu uliupokea jembe ukafanya kazi nasi. Musizi hutwaa jembe na shamba pia. Kunguru nao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia njema, wale taka. Na kila mfuga kuku ajua yaliyofuata.

Kwa hiyo twawashauri wanachama hivi. Mwenye miche ya musizi shambani aing'oe kwa mkono, na mizizi yake, ingali midogo. Samaki mkunje angali mbichi. Mti mkubwa usiangushwe kwa pupa, maana ukianguka wafungua jua, na miche iliyo chini huinuka yote pamoja. Afadhali, ukiwa mbali na nyumba na njia, uchubuliwe gome kulizunguka shina, ufe pole pole ukiwa umesimama, na chini yake pawe pamekwisha pandwa mkarafuu au mti wa kienyeji. Ndani ya Ngezi asiguse mtu kitu bila ya idhini ya wakuu wa Misitu.

Na kwa mwenzetu wa Mlowo: twajua pengo shambani laumiza, na mkarafuu hukawia kuzaa. Lakini mbao ni fedha ya mara moja, na msitu ukipotea hakuna kitalu cha kuuotesha tena. Nauli ya miche hiyo na ainunulie miche ya mikarafuu. Na huko aliko, awaambie wakulima wa kahawa habari ya Amani kabla hawajapanda.

Wabillahi tawfiq.

Katibu