Mfalme wa Nchi Isiyo na Kiti

Mwandishi anayedai kwamba Ugiriki ilipata mfalme mpya pale mfalme wake wa zamani, Constantine II, alipofariki Januari 2023 ameiruka kura ya Desemba 1974. Karibu asilimia 69 walichagua jamhuri. Pavlos, mwanawe mkubwa wa kiume, amerithi nini, basi?

Damu peke yake haimpi mtu kiti. Katiba ndiyo humpa. Ile ya Ugiriki ya 1952 ilimpokonya Alexia, binti wa Constantine, nafasi ya kwanza ya kurithi kiti mwaka 1967, alipozaliwa mdogo wake Pavlos. (Anayeililia atuambie kama na hilo analitaka.) Katiba hiyo haipo tena. Constantine mwenyewe alizikwa katika makaburi ya familia yake huko Tatoi bila mazishi ya kitaifa, na mwishoni mwa 2024 jamaa zake walipata tena uraia baada ya kuitambua jamhuri. Wenye ukoo wamekubali yaishe.