Vifo Vilitokea: Kauli za Vitenzi na Upendeleo katika Habari

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na kauli za vitenzi katika somo la mofolojia. Hupewa mzizi akaunyambua: vunja, vunjwa, vunjika, akatuzwa alama zake, akafunga daftari. Ni nadra kuulizwa ni nani anayenufaika kauli moja inapochaguliwa na nyingine kuachwa. Ilhali swali hilo ndilo kiini cha upendeleo katika taarifa za habari. Propaganda hudhaniwa kuwa uongo mtupu unaotangazwa kwa sauti ya juu. Iliyo hatari zaidi husema jambo lisilokanushika kwa urahisi, ikamficha mtenda.

Historia ya Kenya ina mfano bayana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, karibu na Mto Tana, askari waliwapiga kwa marungu watu waliokataa kufanya kazi ya sulubu, na 11 kati yao wakafa. (Wengi huwaita watu hao wafungwa, neno linalowatia hatiani ilhali walizuiliwa bila kuhukumiwa.) Kesho yake serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwa Kiingereza. Ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji.

Sentensi hiyo yastahili kuchanganuliwa darasani. Kiima chake ni vifo, si askari. Kitenzi ni kutokea, kana kwamba vifo huchipuka vyenyewe kama uyoga. Kisha yaja 'baada ya', maneno ya wakati yanayomsukuma msomaji akisie sababu ambayo mwandishi hakuitaja. Hata kama kila mmoja wao alikunywa maji siku hiyo, udanganyifu ungebaki pale pale, kwa kuwa umo katika mpangilio. Uchunguzi wa hakimu mwaka huo huo ulibainisha kwamba watu hao waliuawa na majeraha ya kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Kiswahili kina nyenzo tele za namna hii. Katika kauli ya kutendwa, mtenda aweza kurejeshwa: 'waandamanaji waliuawa na polisi'. Mhariri akifuta 'na polisi', pengo hubaki, na msikilizaji makini huuliza: na nani? Kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vingine visivyohitaji mtenda, haiachi pengo lolote. Damu ilimwagika. Maisha yalipotea. Vurugu zilizuka. Risasi zilifyatuka. Sentensi hizi zimetimia kisarufi na hazimdai mtu yeyote jibu. Nomino nazo husaidia: 'makabiliano' huwaweka kwenye mizani moja mwenye bunduki na mwenye chupa ya maji.

Jambo hili linawahusu wahitimu wa Kiswahili moja kwa moja, kwani baadhi yao huishia katika vyumba vya habari wakitafsiri taarifa zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri mwenye dakika chache kabla ya kipindi hulazimika kuamua iwapo watu walikufa, walifariki, walipoteza maisha au waliuawa. Hapo hatafsiri tu, anatoa ushahidi.

Ni haki kukiri kwamba mtenda hakosekani kila mara kwa hila. Mwanahabari aliyefika baada ya tukio, asiyejua nani alifyatua risasi, ana wajibu wa kutomtaja mtu. Kumtaja mtenda ovyo nako kuna maafa yake. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilieleza jinsi baadhi ya redio za lugha za kiasili zilivyochangia uchochezi. Uchochezi wa aina hiyo haumfichi mtenda. Humpanua kupita kiasi, kabila zima likafanywa kiima cha kitenzi kilichotendwa na wachache. Basi tahadhari ya saa za kwanza ni sifa njema. Kosa huanza pale ripoti ya upasuaji wa maiti inapotolewa, mashahidi wakasema, na bado kitenzi cha siku ya kwanza kikaendelea kusomwa hewani mwezi mzima.

Kwa waliozuiliwa katika kambi za kikoloni, marekebisho yalichelewa mno. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu Hola. Mtenda aliyekosekana katika taarifa ya Machi 1959 alitajwa hatimaye, ingawa kwa jina la utawala, si la mtu.