Kozi ya Kiarabu Alexandria au Harusi Kwanza? Tuyaseme Kabla ya Akdi



Kila ikikaribia likizo ndefu ya vyuo, mazungumzo ya wasichana wetu huwa yale yale: nani kapata nafasi ya kusoma nje, nani kaposwa, na nani yamemfika yote mawili kwa pamoja. Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia leo. Posa imejibiwa, nyumba mbili zimekubaliana, mahari yametajwa, halafu inakuja nafasi ya kwenda kusoma Kiarabu Alexandria, Misri, kwa wiki sita au nane. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mama anasema harusi kwanza, masomo yapo tu. Shangazi anasema ukiondoka mchumba atachukuliwa. Shoga naye ananong'ona: kata visa kimya kimya, utamwambia ukiwa uwanja wa ndege.

Kwa rai yangu, wote watatu hawakumpa ushauri mzuri. Safari ya masomo ya miezi miwili haiharibu ndoa. Kinachoiharibu ni jambo kubwa kufichwa, au kuahirishwa mpaka baada ya akdi, wakati mmoja anadhani limeshakubaliwa na mwengine anadhani limeshasahauliwa.

Tuanze na mji wenyewe, maana wengi wetu tukisikia pwani ya Mediterania tunaona ufukwe na miwani ya jua tu. Alexandria, au Iskandariya kama wanavyoiita wenyewe, ni mji wa elimu kabla ya kuwa mji wa matembezi. Chuo kikuu chake kilisimama kama chuo kinachojitegemea mwaka 1942, na katika Kitivo cha Sanaa kuna kituo maalumu cha kuwafundisha wageni Kiarabu, kile cha fasihi na kile cha mitaani. Jirani yake, ikiitazama bahari, ipo maktaba kubwa ya Bibliotheca Alexandrina iliyofunguliwa mwaka 2002. Wakati sisi tuko kwenye kipupwe, wao wako kwenye joto, na familia kutoka Cairo humiminika huko kutafuta upepo. Jioni barabara ya pwani hujaa kina mama, watoto na wazee, kama Forodhani siku ya Idi, ila kila siku.

Mji huo si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Burda tunayoisoma kwenye shughuli zetu ni utungo wa Imamu al-Busiri, na msikiti wenye jina lake uko Alexandria, hatua chache kutoka msikiti mkubwa wa Abul Abbas al-Mursi. Bibi zetu wameisoma Burda kwa moyo, tena wengi wao bila ya kujua maana ya kila neno. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wengi wetu tumehitimu chuoni, tunasoma Yasini na Tabaraka kwa tajwidi nzuri, lakini tukiulizwa maana ya aya moja tunakimbilia tafsiri. Msichana anayetaka kulivuka pengo hilo hatafuti starehe. Anatafuta jambo ambalo watoto wake watalifaidi kabla ya mtu mwengine yeyote.

Wala si jambo jipya kwa mwanamke kukaa mbele ya mwalimu katika mji huo. Karne ya 6 ya Hijria, Imamu Abu Tahir as-Silafi, bingwa wa Hadithi, alifundisha Alexandria, na miongoni mwa waliokaa naye na kuchukua elimu kwake alikuwa Taqiyya bint Ghayth, mshairi aliyekuwa na asili ya Sham. Alikuwa mama, ana mtoto wa kiume, na wanahistoria wamemtaja kwa elimu na ushairi wake. Kwa hivyo anayesema kuwa mwanamke mwenye nyumba na watoto hana tena nafasi ya kusoma, historia ya mji huo huo inamjibu.

Sasa tuje kwenye suali zito, nalo ni maharimu. Silipiti pembeni. Ziko Hadithi sahihi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu, na wanavyuoni wengi wa kale, pamoja na wa madhehebu yetu ya Shafi, walishikilia hivyo kwa safari isiyokuwa ya wajibu. Wapo wanavyuoni wa zama hizi, ikiwemo Dar al-Ifta ya Misri, walioruhusu ikiwa njia na mahali pa kufikia ni pa amani. Mimi si mufti. Ninachoomba ni kitu kimoja: hukumu hiyo iulizwe kwa shehe unayemwamini, pamoja na wazazi wako, na jibu lifuatwe. Tusiitumie dini kwa kuchagua. Binti anayeruhusiwa kwenda peke yake Dubai kununua nguo za harusi, akitaka kwenda kusoma lugha ya Qur'ani ndipo akumbushwe maharimu? Kama hukumu ni moja, basi iwe moja kwa safari zote mbili.

Baada ya hapo kuna suali la idhini, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kabla ya akdi, mwenye kauli juu yako ni baba yako au walii wako. Mchumba bado ni mtu wa pembeni kisheria, ingawa ni adabu na busara kumshirikisha. Ikishapita akdi, hata kama bado hujahamia kwake, wewe ni mke wa mtu, na safari yako inahitaji ridhaa ya mumeo. Kwa hivyo yule anayeambiwa "tufunge akdi kwanza, ya kusoma tutaongea" ajue kuwa anahamisha uamuzi kutoka mkono mmoja kwenda mwengine. Hakuna ubaya kuuhamisha, ila ajue.

Ndiyo maana nasema tuyaseme kabla. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa masharti ya ndoa yana haki kubwa zaidi ya kutekelezwa kuliko masharti mengine. Lakini wanavyuoni wamekhitalifiana ni masharti gani yanayomfunga mume. Mahanbali wamelipa nguvu kubwa sharti la mke. Mashafi wamebana zaidi, na sharti jengine kwao linaweza kuanguka huku ndoa ikabaki sahihi. Kwa lugha nyepesi: usidhani kila ulichoahidiwa kwenye simu usiku utaweza kukidai kwa kadhi. Mwende mkamuulize kadhi mapema namna ya kuliandika, na ahadi hiyo itamkwe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na shahidi huwa tabu kulidai.

Na pesa? Hapa nitasema neno ambalo baadhi ya kina mama halitawapendeza. Nyumba ile ile inayosema haina uwezo wa kozi, utaikuta imelipa ukumbi, mpambaji, mpiga picha, sare za siku ya hina, sare za akdi na sare za siku ya kupeleka. Siipingi furaha. Harusi ni jambo la kutangazwa, na walima ni sunna. Ila sare ya tatu si sunna wala si faradhi. Tukiweza kuchanga kwa ajili ya jukwaa la usiku mmoja, tunaweza kuchanga kwa ajili ya kichwa cha binti atakayelea ukoo mzima.

Tena kuna njia ambayo hatuifikirii. Mahari ni haki ya biharusi mwenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 4, imelimaliza suali hilo. Si ya baba, si ya shangazi, wala si ya kununulia makochi. Na inajulikana kuwa Mtume aliwahi kumuozesha sahaba asiyekuwa na kitu kwa kile alichokihifadhi katika Qur'ani. Basi kwa nini biharusi asitaje mahari yake kwa kiwango cha ada ya kozi na nauli, akayapokea mkononi, akayatumia kwa masomo? Bwana harusi atakayeyatoa mahari hayo kwa moyo mkunjufu, huyo umeshamjua mapema ni mtu wa namna gani. Na atakayekasirika pia umemjua, tena kabla hujaingia ndani.

Kama akdi imekaribia sana, ipo njia nyengine: nendeni wote. Fungate yetu ya jadi ni siku saba. Hiyo itakuwa ya wiki nane, na suali la maharimu litakuwa limejijibu lenyewe. Ila mume ajue kuwa anamsindikiza mwanafunzi. Kuna darasa siku tano kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, na kila jioni kuna kazi za kuandika. Asiyeweza kuvumilia mke aliyeinamia daftari asiende.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Si kila anayetaka kwenda anastahili kwenda. Wiki nane hazimfanyi mtu alimu. Anayeanza na alifu atarudi na maamkizi na sarufi ya mwanzo, na hayo angeweza kuyapata hapa kwa ustadha wa mtaani kwake kwa gharama ndogo. Anayefaidika hasa ni yule aliyekwisha kushika nahau na sarfa, akakosa sikio na ulimi. Huyo akifika Misri atashangaa: darasani anasikia "jamil", sokoni anasikia "gamil", na baada ya wiki mbili tatu anaanza kuvitofautisha bila ya kufikiri. Lugha huingia hivyo, kwa kununua nyanya na kuuliza njia. Kama nia yako ni picha za baharini na cheti cha kutundika ukutani, mpishe mwenzako nafasi.

Na ukiamua kwenda, nenda kwa mpango. Jua utalala wapi, na kama ni nyumba ya wasichana watupu, ijulikane ni ya nani na nani anashika funguo. Jua nani atakupokea Cairo, maana kutoka hapo mpaka Alexandria bado kuna zaidi ya kilomita 200 za treni au basi. Wazazi wawe na namba ya mwalimu na ya mwenye nyumba. Muulize chuo chako mapema kama masomo hayo yatahesabiwa katika shahada yako. Tarehe ya harusi ipangwe ukiwa na kalenda mbili mkononi, ya Hijria na ya chuo. Likizo haimsubiri Mfunguo Mosi.

Kwa mavyaa wetu watarajiwa, nawaomba kwa heshima: msione kuwa binti aliyeomba kusoma amedharau nyumba yenu. Aliyekuja kuwaambia mapema amewaheshimu kuliko angeliyewaficha. Na kwa mama zetu: mmetulea tusome, mkatupeleka chuoni alfajiri na skuli mchana. Msiogope matunda ya kazi yenu wenyewe siku mnapoyaona.

Na wewe mwali, usikubali kuambiwa uchague baina ya mume na elimu kana kwamba ni maadui. Lakini pia usimfanye mume mtarajiwa asikie habari za safari yako kwa watu. Kaa naye mbele ya maharimu wako, taja mji, taja wiki, taja gharama, taja siku ya kurudi. Akisema ndiyo, iandikwe. Akisema hapana, una istikhara, una wazazi, na una muda, kwa sababu akdi bado.

Allah awape wasichana wetu elimu yenye manufaa, na waume watakaowashika mkono katika kuitafuta. Amin.