Tumeifunga Congo, lakini ule ulikuwa moko

Jumanne ya Machi 27 sikuwa chuoni. Nilikuwa nyumbani Horohoro, kwenye arobaini ya bibi yangu, na nichukue nafasi hii kuwaomba radhi wenzangu niliowaachia ile kazi ya kikundi ya Saikolojia ya Elimu mkaimaliza bila mimi. Ndiyo maana ushindi wa Taifa Stars dhidi ya Congo sikuuona Uwanja wa Taifa wala kwenye televisheni ya kantini. Niliusikia redioni, nimesimama nje ya kibanda cha kahawa pale mpakani, pembeni ya foleni ya malori.

Kwa asiyepajua, Horohoro iko wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, pale lami ya Tanzania inapoishia. Ukivuka geti uko Lunga Lunga, Kenya, na gari likiendelea unafika Mombasa. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili. Mama yangu kazaliwa upande ule, baba upande huu. Simu ukiiacha karibu na dirisha inashika mtandao wa Kenya na kukumalizia salio bila hodi. Dukani unaweza kulipa kwa shilingi yetu ukarudishiwa chenji kwa shilingi yao. Harusi, misiba, madeni, vyote vinavuka geti kila siku. Kitu ambacho hakivuki ni timu ya taifa. Hapo kila mtu anarudi kwao.

Pale kibandani walikuwepo madereva na utingo wao, vijana wa bodaboda, wabadilisha fedha, wazee wa kahawa, na mjomba wangu wa Lunga Lunga. Huyu mjomba tangu Desemba alikuwa hatuachi tupumue. Harambee Stars walichukua Kombe la Chalenji kule Machakos kwa kuwatoa Zanzibar kwa penalti, wakati Kilimanjaro Stars yetu ilitolewa kwenye makundi bila kushinda mechi hata moja. Akinipigia simu, kabla ya salamu: "Kombe mmeliona?" Bibi alipofariki Februari akanyamaza. Alikuwa mama yake mzazi, na kwa siku arobaini hatukusikia utani wowote mdomoni mwake.

Basi kipindi cha pili Mbwana Samatta akafunga. Kibanda kikalipuka, kahawa ya watu ikamwagika, dereva mmoja akapiga honi ya lori mpaka askari akatoka kuangalia kuna nini. Hatujatulia, mwishoni Shiza Kichuya akaongeza la pili. Mbili bila. Congo hii hii ambayo mwaka 2017 ilikosa Kombe la Dunia kwa pointi moja tu nyuma ya Tunisia, na ambayo ilibeba ubingwa wa CHAN mwaka 2016. Vijana wa bodaboda wakaondoka kwa msururu kuelekea barabara ya Duga wakipiga kelele kama vile tumechukua kombe.

Mjomba akanywa kahawa yake taratibu, akanigeukia: "Mwashangilia nini nyie? Kwani mmepewa pointi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka tu, kusema kweli kwa furaha ya kumsikia anatania tena kuliko kwa ajili ya mpira. Lakini swali lake nilipanda nalo basi kurudi chuoni.

Nilipofika nikakuta mmegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza, na ndiyo kubwa, ilishakata tiketi ya Cameroon 2019. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna ndugu alishapanga mpaka kikosi cha fainali. Kambi ya pili ni wale wajuaji: mechi ya kirafiki haina maana, Congo walikuja kutembea, acheni ushamba. Nimewasikiliza wote kwa wiki nzima, na kwa maoni yangu kambi zote mbili zimeikunja karatasi bila kuisoma. Nieleze kwa nini natumia neno karatasi.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha nne. Kwenye mtihani wa moko nilishika nafasi ya tatu shule nzima. Baba alitangaza mpaka msikitini. Mimi mwenyewe nilianza kutembea kwa madaha, nikawa nafundisha wenzangu mada ambazo sijazielewa. Karatasi yangu ya Hisabati niliiona mara moja tu: nikaangalia alama nyekundu pale juu, haikuwa nzuri, lakini masomo mengine yalikuwa yameibeba, nikaikunja na kuisahau. Novemba tukafanya mtihani wa taifa. Matokeo yalipotoka nina daraja la tatu, na Hisabati F. Miezi kadhaa baadaye nikiwa natafuta nguo kwenye sanduku nikaikuta ile karatasi ya moko. Maswali niliyokosea Novemba yalikuwa ya mada zilezile ambazo mwalimu alishaziwekea wino mwekundu katikati ya mwaka. Kwenye swali moja alikuwa ameandika kabisa, "Njoo unione." Sikwenda kumuona.

Sisi tunaosomea ualimu tunakaririshwa tofauti ya tathmini endelevu na tathmini ya mwisho mpaka tunaota usiku. Ile ya kwanza inafanyika ili mwalimu na mwanafunzi wajue wapi pamevuja. Ya pili ndiyo inayotoa cheti. Mechi ya kirafiki ni tathmini endelevu. Anayeichukulia kama cheti anajidanganya, na anayesema haina maana ni yule mwanafunzi asiyetokea siku ya moko halafu analia siku ya sapu.

Mwaka huohuo wa 2013 Stars walipita njia moja na mimi. Desemba 22, 2012, waliifunga Zambia 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Zambia walikuwa ndio mabingwa wa Afrika wakati huo. Februari 6, 2013, wakaifunga Cameroon 1-0, Samatta, dakika za mwisho kabisa. Zote za kirafiki. Machi 24 ikaja ya kweli, ya kufuzu Kombe la Dunia, na Morocco akala tatu kwa moja, Thomas Ulimwengu moja na Samatta mbili. Nani wa umri wangu hakumbuki? Kocha Kim Poulsen alikuwa mjomba wa kila mtu. Pale Horohoro kuna mzee alikuwa anauliza nauli ya Brazil, na hatanii.

Halafu Juni tukafungwa Marrakech 2-1. Wiki iliyofuata Ivory Coast wakatupiga 4-2 nyumbani. Septemba tukaenda Gambia, waliokuwa mkiani mwa kundi, wakatufunga 2-0. Brazil ikaishia hapo. Wale waliompigia Poulsen makofi ndio walewale waliosema hajui mpira.

Miaka miwili baadaye tukarudia. Novemba 2015 tuliwaongoza Algeria 2-0 Dar es Salaam, wakasawazisha, ikawa 2-2. Mtaani watu wakasema tumewashika, kule tunamaliza kazi. Siku tatu baadaye kule Blida: saba bila. Sitaki kuendelea na hiyo.

Sasa zipange hizo mechi uone kitu ambacho kambi zote mbili hazijakisema. Zambia, Cameroon, Morocco, na sasa Congo, zote tumezifunga Dar es Salaam. Marrakech, Gambia, Blida, zote tumefungwa ugenini. Na hata mwezi uleule wa Machi 2018, kabla ya Congo, tarehe 22 tulikuwa Algiers tukafungwa 4-1. Siku tano kati ya mechi hizo mbili, kocha yuleyule Salum Mayanga. Watu wameifuta Algiers vichwani kama vile haikuchezwa. Mimi nasema hizo ni karatasi mbili za mtihani mmoja, na ile yenye wino mwekundu mwingi ndiyo ya kukaa nayo mezani. Kwa nini tukivuka mpaka beki inafunguka? Ni pumzi? Ni mfumo, kwamba nyumbani tunajaza mashambulizi kwa kelele za uwanja na ugenini hatuna namna ya kuushika mpira? Na mabao yetu makubwa mengi yana jina moja, Samatta. Siku yeye akiwa na nyonga, nani anafunga?

Hapa TFF niwape haki yao. Kwenda Algiers kucheza na timu ambayo mara ya mwisho ilikupiga saba si woga. Wangeweza kutafuta kibonde wakaja nacho Uwanja wa Taifa tukashangilia wote tukalala. Kinachonikera ni sisi. Kocha akienda kufungwa 4-1 ugenini kwenye mechi ya majaribio, tunataka afukuzwe jioni hiyohiyo. Akishinda nyumbani, tunataka ajengewe sanamu. Kwa presha hiyo, siku moja kocha atajifunza kuchagua moko rahisi, na nani atamlaumu? Nimeona walimu wakifanya hivyo pia. Unatunga jaribio jepesi, darasa zima linafaulu, mkuu wa shule anafurahi, wazazi wanafurahi. Halafu Novemba inafika.

Kuna jambo jingine, na hili litanitafutia maadui humu mabwenini. Shabiki wa Simba hapa chuoni anaweza kukutajia beki wa kulia wa akiba na mguu anaotumia. Wa Yanga vilevile. Niliporudi nikawauliza wenzangu chumbani, nani alikaa langoni siku ya Algeria? Kimya. Wote walikuwa wanajua Samatta kafunga dhidi ya Congo. Timu ya taifa tunaifahamu siku ikishinda tu, kama mtoto wa jirani ambaye unakumbuka jina lake akiwa kapata ajira. Mpakani hatuna anasa hiyo. Pale ukifungwa, kesho asubuhi aliyekufunga, au mpwa wake, ndiye anayekuuzia mkate.

Kwa wajuaji wa kambi ya pili, nawauliza: mechi ya kirafiki haina maana kwa nani? Inaingia kwenye hesabu za viwango vya FIFA, na viwango hivyo ndivyo vinavyotumika kutupanga kwenye vyungu vya droo. Tumekuwa tukipangwa na wakubwa miaka yote kwa sababu tuko chini huko. Na kuna kijana wa miaka 20 aliyeingia siku ile akakimbizana na watu wanaocheza Ulaya, akagundua kwamba na wao wanachoka. Hilo halifundishiki ubaoni. Mwisho kabisa, watu wana haki ya kufurahi. Tangu fainali za 1980 kule Nigeria, ambako tulipata pointi moja tu tukarudi, mpaka mwaka 2018 tulikuwa hatujaonekana tena Kombe la Mataifa ya Afrika. Miaka 38. Baba yangu alikuwa mtoto. Ukimnyima mtu huyo furaha ya jioni moja kwa sababu "haina pointi", wewe ni mtu wa aina gani?

Kwa hiyo mimi nilishangilia na nikiulizwa nitashangilia tena. Ila safari hii sitaki kuikunja karatasi. Kwenye kufuzu kwenda Cameroon tulikuwa tumecheza mechi moja tu mpaka wakati huo, Juni 2017, sare ya 1-1 na Lesotho, nyumbani kwetu, jambo ambalo nalo tumelisahau haraka sana. Septemba 2018 tulikuwa tunaifuata Uganda kwao. Ugenini tena. Hapo ndipo tungejua kama kuna mtu alikaa na mkanda wa Algiers akauangalia mpaka mwisho, akaurudisha nyuma, akauangalia tena.

Juzi usiku nikampigia mjomba. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake.

"Haya mjomba, niambie. Mlipewa pointi ngapi?"

"Kwa Congo, hakuna. Lakini kwenye kundi letu la kufuzu tunayo moja, ya Lesotho. Ninyi mlifungwa Freetown. Mnazo ngapi?"

Akakaa kimya, kisha nikamsikia anacheka, ile cheko yake ya zamani ya kukohoa. "Haya. Na Septemba Uganda wakiwafunga?"

Nikamwambia asijisumbue kutafuta salio. Wakitufunga, nitampigia mimi.