Mamumunya Hayalimwi kwa Adhabu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya yale matuta mawili ya mamumunya yaliyo nyuma ya bwalo. Wasomaji wengi hupita hapo kila siku waendapo kuosha sahani, na nimepata kumsikia mmoja akisema kwamba mmea ule ni wa kujionyesha tu, majani makubwa lakini hauzai. Mimi nasema mmea hauna kosa. Kosa ni letu.

Mumunya ninalolitaja si lile linaloachwa likauke liwe chombo cha kutekea maji. Ni lile refu la kijani ambalo sokoni siku hizi huitwa zukini, na huliwa lingali changa pamoja na ganda lake. Jamii yake asili yake ni Amerika, na aina hii ndefu ilipatikana Italia. Mmea wake hautambai mbali kama mboga, nasema boga, kwa hiyo hata uwanja mdogo nyuma ya jiko watosha. Kwetu Lushoto mama hupanda mashina sita tu: mbegu mbili kila shimo, samadi iliyooza vizuri, na shimo hadi shimo kama mita moja. Siku hamsini hivi zikipita, twaanza kuchuma.

Ila mmea huu wataka mtu wa kuutazama kila siku, na hasa asubuhi. Maua yake ni ya namna mbili. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kitumba kidogo chini yake, mfano wa mumunya la mwanasesere. Mara nyingi madume hutangulia kuchanua, yakaanguka bila kuacha kitu, ndipo watu wasiojua husema mmea ni mwongo. Maua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Katika saa hizo chache lazima nyuki achukue vumbi la manjano toka kwa dume alipeleke kwa jike, la sivyo kile kitumba hugeuka manjano na kuoza. Mwezi wa saba kwetu kuna baridi na ukungu, nyuki huchelewa kutoka. Basi mama huchuma ua dume, hulibandua petali zake, na kugusisha kile kilichobaki katikati ya ua jike. Kazi ya nusu dakika, lakini haingoji jioni.

Sasa tazameni jinsi tunavyofanya hapa. Bustani imo katika orodha ya adhabu. Aliyechelewa paredi, aliyepiga kelele wakati wa kujisomea, wote hupelekwa pale saa kumi jioni, maua yakiwa yamekwisha fumba. Aliyemwagilia jana, leo hayupo. Mwenye hasira hupiga jembe mpaka kwenye mizizi, nayo haiko mbali na uso wa udongo. Mwenye haraka humwaga ndoo nzima juu ya majani badala ya shinani. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliambiwa asafishe tuta. Akalisafisha kweli kweli, akaondoa magugu pamoja na maua yote ya manjano, naye alidhani amefanya vizuri!

Ikaja likizo fupi, hakukuwa na mkosaji wa kuadhibiwa, basi hakukuwa na mtu bustanini. Tuliporudi tulikuta mumunya moja limefika ukubwa wa paja, na shina limeacha kuzaa mengine, maana nguvu zote zilikwenda kwenye hilo. Tungalilichuma lilipokuwa urefu wa kiganja, mmea ungeendelea kuzaa. Mpishi alilitazama akasema hilo ni la kukalia, si la kula.

Sisemi kwamba mashina ishirini yatalisha shule nzima. Maharagwe yatabaki palepale. Lililonisukuma kuandika ni neno la mdogo wangu, ambaye naye yuko kidato cha pili katika shule ya bweni. Likizoni mama alimwomba amwagilie bustani. Akasimama, akamwuliza, “Mama, nimekosa nini?” Mama alicheka, mimi sikucheka.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, na pia alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya mashamba hayo. Twalo shamba, lakini kuamua bado. Naomba kila bweni litoe watu wanne kwa hiari yao, wapokezane wawili wawili kila wiki, dakika ishirini asubuhi kabla ya paredi, na likizoni wale wanaoishi karibu waruhusiwe kuingia kuchuma. Siku mboga yao ikipikwa, bweni litajwe mbele ya shule. Wapo watakaouliza wakosaji wafanye kazi gani. Nyasi za kiwanja cha mpira ni nyingi, na zikikatwa vibaya huota tena.

Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani mwezi wa kumi na moja, kisha tutaondoka. Lile mumunya kubwa sikulitupa. Niliomba libaki shambani hadi ganda likawa gumu, nikatoa mbegu, nikaziosha na kuzianika kivulini. Ziko katika chupa kwa kiranja wa bustani, zapata mia moja na zaidi. Anayezitaka aende akazichukue, ila asiende kwa kutumwa.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne