Mshale Usioonekana

Mzee mmoja, karani wa parokia, alitaka kuacha kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo kwa kompyuta. Aliniambia: "Mwanangu, kila nisogezapo kipanya, ule mshale mdogo mweupe hunipotea juu ya ukurasa mweupe. Vijana wananicheka."

Nami nilimjibu hivi: Baba, usiache kazi. Kama kompyuta yako ni ya Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na kile cha herufi U. Kisha chagua palipoandikwa Mouse pointer. Utaona mstari wenye kitone. Kivute kuelekea kulia, na mshale utakua papo hapo. Palepale waweza kuufanya mweusi au wa manjano.

Lakini mshale mkubwa si dawa ya macho. Ukiona ukungu hata usomapo kitabu cha sala, nenda hospitali upesi. Huenda ni mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa upasuaji.

Nanyi vijana, acheni kucheka. Aliyekufundisha kushika kalamu, mfundishe leo kushika kipanya. Hiyo nayo ni Amri ya Nne.