Manowari zisizopumzika si nguvu

Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana hapa kwetu Tanga, hasa na sisi wazee tunaokaa barazani karibu na bandari. Tangu meli za mizigo zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwezi Novemba 2023, wenzangu wengi wamekuwa wakisema dawa ni moja tu: Marekani, ambayo ndiyo yenye manowari nyingi zaidi zinazokaa mbali na nyumbani, iongeze nyingine, nazo zikae huku huku mwaka mzima.

Sitaki kuingia katika ubishi wa kama Marekani ina haki ya kukaa katika bahari za watu. Huo ni mjadala mwingine na una wenyewe. Mimi nazungumzia hesabu. Manowari inayoonekana baharini ni sehemu ndogo tu ya gharama yake, na anayehesabu zile zinazoonekana peke yake hajui anachohesabu.

Mimi si mwanamaji, nilikuwa makanika wa mabasi. Katika karakana mojawapo niliyofanya kazi tulikuwa na mabasi 30, na amri ilikuwa kila alfajiri yatoke 20. Kumi yaliyobaki ndiyo yaliyotupa nafasi ya kushusha injini, kubadili breki na kuwafundisha madereva wapya. Kadiri miaka ilivyopita mabasi yakafa, tukabaki na 22. Amri ikabaki ile ile, yatoke 20, na mkubwa wetu akawa anasimama getini kuyahesabu yakitoka. Wananchi walitusifu! Hawakujua kwamba breki tulizikagua usiku kwa kurunzi, na siku nyingine hatukuzikagua kabisa. Basi moja lilikosa breki kwenye mteremko, utingo akavunjika mguu. Kitabu cha ukaguzi wa basi hilo kilikuwa na saini yangu. Nilisaini kwamba nimelikagua, na sikulikagua. Mpaka leo nikikutana na yule bwana napita upande wa pili wa barabara.

Sasa, Ndugu Mhariri, tazama hesabu ya Wamarekani. Mwaka 1998 jeshi lao la majini lilikuwa na meli 333, na kwa kawaida kama 100 kati ya hizo zilikuwa kazini mbali na kwao. Kufikia mwaka 2015 meli zilikuwa zimepungua zikawa kama 270, lakini zilizokuwa kazini mbali ziliendelea kuwa kama 100. Ni amri ile ile ya getini. Meli zimepungua, zinazotakiwa nje hazikupungua.

Pengine msomaji atauliza, kama 100 ziko nje, hizo 170 zinafanya nini? Zinafanya kazi isiyoonekana. Meli moja ikiwa kituoni, ya pili inakuwa njiani au ndiyo kwanza imerudi, ya tatu iko kwenye chelezo inatengenezwa, na mara nyingi kuna ya nne ambayo mabaharia wake wanafundishwa kuanzia mwanzo, maana watu huhamishwa. Hivyo kuweka manowari moja mahali pa mbali bila kukatika kunahitaji tatu au nne, na pengine zaidi safari ikiwa ndefu. Zile kubwa za kubebea ndege ni 11 kwa mujibu wa sheria yao, lakini kila moja katika maisha yake lazima ifungwe miaka kadhaa ili ibadilishiwe mafuta ya nyuklia. Iitwayo George Washington iliingia kwenye kazi hiyo mwaka 2017 ikatoka mwaka 2023.

Wakubwa walitafuta njia ya mkato, wakasema meli zihamie huko huko mbali pamoja na familia za mabaharia, ili zisipoteze muda njiani. Kati ya mwaka 2006 na 2017 meli zenye makao nje ya Marekani ziliongezeka kutoka 20 hadi 40. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Lakini meli iliyo karibu ndiyo inayoitwa kila mara. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe walionya mwaka 2015 kwamba meli zilizoko Japani hazikuwa na kipindi maalumu cha mafunzo kama wenzao walioko nyumbani. Onyo hilo lilisomwa, kazi ikaendelea. Kufikia Juni 2017, katika kila vyeti 100 vya ustadi wa kivita vya mabaharia wa manowari zile za Japani, 37 vilikuwa vimekwisha muda wake. Baadhi ya mabaharia walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa wiki.

Usiku wa tarehe 17 Juni 2017, manowari Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na pwani ya Japani. Maji yaliingia chumba cha kulala, mabaharia saba wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Agosti, manowari John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa kumi. Hii ya pili ndiyo iliyonikumbusha karakana. Kabla tu ya ajali, kazi ya usukani ilikuwa inagawanywa kati ya mabaharia wawili, mitambo ikachanganywa, wakadhani usukani umekufa kumbe ulikuwa umehamia meza ya pembeni. Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka meli nyingine yenye usukani wa aina tofauti, na hawakufundishwa vya kutosha huu mpya. Dereva amepewa gari asilolijua kwa sababu lazima litoke!

Kamanda wa kundi hilo la meli aliondolewa siku mbili baada ya ajali ya McCain. Ilistahili mtu awajibike, lakini mahitaji yaliyozichosha meli zile hayakuanzia mezani kwake peke yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana. Sisi wa rika langu tunakumbuka doria ya Beira. Baada ya Smith kutangaza uhuru wake wa uongo Rhodesia, Novemba 1965, Uingereza iliweka manowari mbele ya bandari ya Beira kuanzia Machi 1966 ili mafuta yasimfikie, na Umoja wa Mataifa ukaipa ruhusa mwezi Aprili. Doria hiyo ilidumu mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Manowari zaidi ya 70 zilipokezana zamu hapo, na hiyo ilikuwa miaka ambayo Waingereza wenyewe, tangu Januari 1968, walikwisha kutangaza kuwa wanayaondoa majeshi yao mashariki ya Suez. Smith alikosa mafuta? Hakukosa. Yaliingia kupitia Lourenço Marques na Afrika Kusini, mahali ambapo hakuna manowari iliyosimama. Waliopata taabu ni ndugu zetu wa Zambia, ambao mafuta yao yalipita kwa malori katika ile barabara mbaya kutoka Dar es Salaam mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968.

Nakubali kwamba manowari ikiwapo mahali, mchokozi hufikiri mara mbili. Nakubali pia kwamba iliyoko mbali wiki tatu haiwezi kumsaidia mwenye kushambuliwa leo. Lakini manowari ambayo rada yake haijatengenezwa na mabaharia wake hawajalala inamtisha nani? Adui mwenye akili huhesabu zilizo tayari, si zilizopakwa rangi.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba meli ziwe 355. Mpaka sasa hazijafika 300, kwani chelezo na mafundi havinunuliwi kwa sheria. Wakati huo huo Eisenhower, iliyoondoka kwao Oktoba 2023, iliongezewa muda katika Bahari ya Shamu ikarudi Julai 2024, miezi tisa. Kila mwezi unaoongezwa huko unakatwa katika matengenezo na mapumziko huku. Kwa maoni yangu wangekuwa wakweli zaidi kama wangepunguza vituo, wakawaambia marafiki zao waziwazi kwamba hapa tutakuwapo na pale hatutakuwapo, kuliko kutuma meli kila mahali kwa saini kama ile yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu wa barazani, mnapodai manowari nyingine ije kukaa kaskazini yetu, naomba mtaje pia itolewe wapi: Japani, Bahari ya Mediterania, au juu ya chelezo ikiwa bado imefunguliwa injini?

Makanika Mstaafu,
Tanga.